Jiko la mkaa litoke chumbani. Lakini nani atalipa LUKU?

Ndugu zangu wa Dar, kwanza acheni kucheka. Kila mwaka ikifika Juni huwa natuma picha nimevaa koti na kofia ya sufu, na kila mwaka mnanijibu kitu kile kile: "Acha mbwembwe, hapo si Ulaya." Sawa, si Ulaya. Lakini Tarime iko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na hapa kwetu Nkende usiku wa Julai huhitaji kipimajoto kujua kuwa kuna baridi. Kahawa inastawi huku. Umewahi kusikia kahawa imestawi Kariakoo? Wenzangu wa Njombe, Makete na Lushoto wananielewa bila maelezo.

Leo lakini sina utani. Nataka tuzungumze kuhusu joto la kulala, jambo ambalo nchi yetu hulikumbuka pale tu watu wanapokutwa wamekufa ndani asubuhi, mlango umefungwa na jiko liko pembeni ya kitanda. Habari hizo nimeziandika mwenyewe gazetini. Aya nne, jina la kamanda wa polisi, wito kwa wananchi wawe makini, basi. Kesho yake tunaendelea na mambo mengine.

Julai mwaka jana habari hiyo nusura iwe ya nyumbani kwetu.

Nilikuwa likizo. Mama analala na mjukuu wake wa miaka sita, mimi nalala sebuleni. Utaratibu wa mama ni ule ule tangu nikiwa mdogo: akishaivisha chakula cha jioni, makaa yaliyobaki hayamwagwi. Anayafunika majivu kidogo, anabeba jiko, analiweka kwenye kona ya chumba. Chumba kinapata joto, mtoto analala vizuri, na hakuna hela iliyotumika. Kwa mama hilo ni joto la bure. Makaa yalishalipiwa na maharage!

Saa nane usiku nikasikia mtoto anatapika. Nilipofungua mlango nilimkuta mama ameketi kitandani, anashika kichwa, anasema kinapasuka na miguu haina nguvu. Chumba hakikuwa na moshi hata kidogo. Niliwatoa nje wote wawili, nikafungua kila kitu kinachofunguka, jirani akaja na bajaji. Hospitali, mhudumu wa zamu alituuliza swali moja tu kabla ya mengine yote: "Mmelala na jiko?"

Walipona. Namshukuru Mungu, na namshukuru mtoto kwa kutapika kwa sauti.

Sasa tuelewane jambo moja, maana hata wasomi wengi wanalikosea. Watu wanaogopa moshi. Wanasubiri mkaa "ukolee", uwe mwekundu bila moshi, ndipo waingize jiko ndani wakiamini limekuwa salama. Siyo! Kinachoua ni kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mkaa mwekundu usio na moshi unaitoa vizuri sana. Ikiingia kwenye damu inashikamana na zile chembe zinazobeba oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inazunguka kama kawaida lakini haijabeba kitu. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Na kama umelala, unaendelea tu kulala. Ndiyo maana kuacha dirisha wazi kidogo si dawa, na kufunika makaa majivu nako si dawa. Jiko linatakiwa litoke nje. Nukta.

Haya, jiko limetoka. Baridi je?

Hapo ndipo nilipojifanya mjuaji. Nilikwenda Mwanza kikazi, nikaingia duka la vifaa vya umeme, nikanunua hita yenye feni, wati 2,000. Nilirudi nayo Nkende kama mtu aliyeleta gari. Nikaichomeka, chumba kikapata joto ndani ya dakika kumi, mama akanibariki, mtoto akacheza na upepo wake. Tatizo limekwisha, nikasema moyoni. Elimu si ndiyo hii?

Siku kumi baadaye mama alikuwa amerudisha jiko chumbani.

Mimi nilikuwa nimesharudi kazini, nikapiga simu kwa hasira. Mama akanijibu taratibu: "Baba, hiyo mashine yako inakula LUKU kuliko sisi tunavyokula ugali." Nikanyamaza. Nikachukua kalamu, nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga dukani.

Tupige wote. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa saa moja. Hita ya wati 2,000 inakula uniti mbili kila saa. Ikiwashwa saa nne kwa usiku, uniti nane zimekwenda. Mama yupo kwenye kundi la matumizi madogo, D1. Kwa bei zilizopitishwa na EWURA mwaka 2016, mtu wa kundi hilo analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Ongeza VAT na yale makato ya REA na EWURA, inakuwa shilingi 122 kabla ya kuvuka, na 427 ukishavuka. Bei inaruka zaidi ya mara tatu kwa siku moja, na wewe upo pale pale kitandani kwako.

Kwa hiyo (tuweke pembeni kodi ya jengo inayokatwa humo humo) tokeni ya kwanza ya mama ya shilingi 5,000 ilileta uniti 41 hivi, ikakata usiku wa tano. Ya pili ikaleta 36. Ya tatu, shilingi 5,000 zile zile, ikaleta uniti 11 na ushee. Mama hajasoma bei za EWURA, lakini akili yake iliona haraka kuliko yangu: mashine hii inafanya pesa ipungue uzito. Akaizima, akarudi kwenye joto la bure.

Nasema hivi ili nisimtupie lawama mtu mwingine. Duka halikunidanganya, maana wati zimeandikwa kwenye boksi. Kosa lilikuwa langu. Nilinunua joto kama mtu anayenunua shati bila kuuliza nani atalivaa.

Rafiki yangu niliyesoma naye Tarime, sasa anaishi Leeds, Uingereza, alicheka sana nilipomsimulia. Halafu akaniambia, "Mura, na mimi niko kwenye shida hiyo hiyo." Nikadhani ananitania. Uingereza na shida ya joto? Kumbe ni kweli. Fleti yake ilikuwa na hita za zamani zinazohifadhi joto. Ndani yake ni matofali mazito. Usiku, kwa saa saba ambazo umeme ni wa bei nafuu, waya zinayachemsha yale matofali, na mchana kutwa yanaachia joto polepole. Mpango huo wa bei ya usiku wanauita Economy 7, ulianza mwaka 1978, na nyumba nyingi zisizo na gesi zilijengewa hita za aina hiyo.

Ukifikiria vizuri, ni jiko la mama. Chukua moto ukiwa na bei rahisi, uhifadhi kwenye kitu kizito, uutumie baadaye. Tofauti ni kwamba matofali hayatoi sumu.

Lakini yana kasoro yake. Hita za zamani humwaga joto asubuhi na mchana, na ikifika jioni, mtu anaporudi kazini akitetemeka, matofali yamekwisha kupoa. Zina vitufe viwili, kimoja cha kiasi cha joto la kuhifadhi na kingine cha kiasi cha kuachia, na wageni wengi hawafundishwi kuvitumia. Halafu zipo mita za zamani zilizokuwa zikiamrishwa kuwasha hita kwa mawimbi ya redio, mawimbi yale yale marefu ya BBC. Huduma hiyo ilianza kuzimwa kwa awamu tarehe 30 Juni 2025. Rafiki yangu naye akaambiwa mita yake lazima ibadilishwe, na mwenye nyumba akamuuliza, "Tukibadilisha mita, tubadilishe na hita? Unataka zipi?"

Majirani zake wengi walitaka hita za ukutani za kawaida, zile unazowasha pale unapohisi baridi. Ni rahisi kununua, ni nyepesi, hazina matofali. Yeye alikaa chini akajiuliza: mimi nakuwa nyumbani saa ngapi? Anafanya kazi usiku, anahudumia wazee. Anarudi asubuhi, analala mchana. Yaani saa ambazo matofali yanaachia joto ndizo saa zake za kulala! Kwa jirani anayeshinda ofisini zile hita ni hasara, kwake ni sawasawa kabisa. Akaomba zibaki za matofali, lakini za kisasa, zenye ukuta mzito unaoshika joto mpaka litakapotakiwa. Jengo moja, baridi moja, majibu mawili tofauti, na wote wako sahihi.

Akaniuliza: "Na mama yako anahitaji joto saa ngapi, na wapi?"

Swali hilo dogo ndilo lililonifundisha. Mama hahitaji joto chumbani. Anahitaji joto kitandani. Nyumba yetu ni ya bati, haina dari, na kati ya ukuta na bati kuna uwazi ambao paka anapita. Hita yangu ya wati 2,000 ilikuwa inapasha moto anga la Tarime! Dakika kumi baada ya kuizima, joto lote lilikuwa limepanda juu na kutoka nje.

Na hapa wauzaji wanatuchanganya. Utaambiwa hii ni ya feni, hii ina mafuta ndani, hii ni ya kioo, hii "inabana matumizi". Jamani, hita zote za umeme zinazotumia waya wa kupata moto zinageuza uniti moja kuwa joto la uniti moja. Hakuna yenye uchawi. Ile ya mafuta haichomi mafuta, inayapasha tu, na inachelewa kupoa. Kitu pekee kinachotoa joto zaidi ya umeme kinaoutumia ni mashine ya kuhamisha joto kutoka nje kuingia ndani, kama kiyoyozi kinachofanya kazi kinyume. Hiyo inaweza kukupa joto la uniti tatu kwa uniti moja, lakini bei yake siyo ya nyumba isiyo na dari.

Kwa hiyo tofauti iko wapi? Iko kwenye mahali joto linapokwenda na muda unaoliwasha. Nikapiga hesabu upya.

Blanketi la umeme la wati 100, tuseme liwake usiku kucha saa nane, linakula uniti 0.8. Mwezi mzima ni uniti 24. Taa, televisheni na simu za mama zinakula kama uniti 40. Jumla 64. Hajavuka 75! Kila uniti bado ni shilingi 122, na joto la mwezi mzima linamgharimu chini ya shilingi 3,000. Na kwa kweli haliwashwi usiku kucha. Linawashwa saa moja kabla ya kulala, kitanda kinapata moto, linazimwa, mablanketi mawili ya juu yanatunza kilichopo.

Kwa mtoto tukaweka mfuko wa mpira wa maji ya moto. Kuchemsha lita moja na nusu kwa birika la umeme kunakula chini ya robo ya uniti. Unaacha maji yapoe kidogo kwanza, unafunga vizuri, unaviringisha taulo, unaweka miguuni. Na ile hela ya tokeni ya tatu, badala ya kununua umeme, tulinunua mbao na mifuko ya kuzibia ule uwazi wa paka. (Paka amekasirika, atazoea.)

Tahadhari mbili kabla hamjakimbilia dukani. Blanketi la umeme la mtumba lenye waya uliochubuka usilinunue hata ukipewa bure, na usimlaze mtoto mchanga juu ya blanketi linalowaka. Ya pili: hita ya wati 2,000 inavuta karibu ampea tisa. Ekstensheni ile nyembamba ya kuchajia simu haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Utatoroka sumu ya mkaa uungue kwa moto wa waya.

Najua baadhi yenu mnasema, wewe mwenzetu una nyumba ya mama na mita ya mama. Sisi tumepanga. Kweli. Chumba kimoja, wapangaji watano, LUKU moja. Mnachanga sawa sawa, na siku umeme ukiisha mapema kesi inaanza: nani ana pasi, nani ana friji, nani analala na taa. Mwenye nyumba anapiga marufuku hita na jiko la umeme. Lakini jiko la mkaa hajalipiga marufuku! Nimeishi nyumba ya namna hiyo, najua. Mpangaji mwenye baridi anachagua kitu ambacho hakitamgombanisha na majirani, na kitu hicho ndicho kinachoweza kumuua. Jamani wapangaji, mita ndogo ya kila chumba ingemaliza ugomvi huo, na mkikataa mita basi mkubaliane juu ya blanketi. Linakula kama taa kadhaa tu.

Sasa niwageukie wakubwa. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034. Naunga mkono kwa mikono miwili. Mwaka 2025 mitambo yote tisa ya Bwawa la Nyerere ilikamilika, megawati 2,115. Safi sana. Lakini kwenye mikutano yote niliyohudhuria kama mwandishi, sijasikia hata mtu mmoja akiuliza: huyu mama wa Tarime au wa Makete ukimnyang'anya mkaa wa kupikia, umemnyang'anya na mkaa wa kulalia. Utampa nini?

Na huo ukuta wa uniti 75 unafanya kazi kinyume na mkakati. Nia yake ni njema, kumlinda mwenye kipato kidogo. Lakini siku mama anapojaribu kuacha mkaa, akapika maharage kwa umeme na kupasha kitanda kwa umeme, ndiyo siku anayovuka ukuta na kulipa kama ameanzisha kiwanda. Akizoea kuvuka anahamishwa kundi kabisa. Tunamwambia "njoo kwenye umeme," halafu tunamtoza kiingilio mlangoni. Wenzetu Uganda walianza mwaka 2022 kufanya kinyume: mtumiaji wa nyumbani akifika uniti ya 81 mpaka 150, bei inashuka, ili apike kwa umeme. Kenya nao tangu Desemba 2017 waliwapa wafanyabiashara wakubwa na viwanda bei nafuu kwa saa ambazo umeme hautumiki sana. Sisi tuna maji ya Rufiji yanayozungusha mitambo usiku watu wakiwa wamelala. Kwa nini saa sita usiku uniti ya mama wa Nkende iwe na bei ile ile ya saa moja jioni?

Siombi umeme wa bure. Naomba ukuta usogezwe, au uwekwe mteremko badala ya ukuta, na miezi mitatu ya baridi ihesabiwe kuwa ni miezi ya baridi.

Wakati tunasubiri, msiwanunulie wazazi hita kwa sifa kama nilivyofanya mimi. Kaeni nao muulize: unahitaji joto wapi, saa ngapi, na LUKU yako iko kundi gani. Halafu ndipo mwende dukani. Na jiko litoke nje leo, kabla hata ya kununua chochote, hata kama maana yake ni kulala na soksi na sweta mbili.

Wiki hii niko tena Nkende. Jana usiku niliamka kwenda msalani, nikaliona jiko la mama uani, chini ya upenu, makaa yanamalizikia peke yake kwenye baridi. Asubuhi nikamwambia mama nimefurahi. Akanitazama, akasema: "Furahi, lakini yale makaa yananiuma. Moto mzuri vile unakwenda bure."

Nimeshindwa kumjibu. Ninyi wa Njombe na Makete, mnawajibu nini mama zenu?